Mpaka Ining'inie Upawani

Burlington
Jumapili, 4 Machi 1984

Wifi yangu Idella,

Nimefika, nimepewa kitanda, na tumbo langu limechorwa. Naanza na hilo la tumbo maana najua ndilo utakaloulizwa kanisani. Ijumaa walinilaza juu ya meza ngumu, kijana mmoja mwenye mikono ya barafu akanichora mistari ya zambarau kutoka chini ya matiti mpaka nyongani, kama kitambaa kinachongoja mkasi wa fundi. Kesho mashine inaanza. Watazikinga figo zangu kwa vipande vya madini ya risasi, kisha mionzi itapita kwingine kote.

Daktari kanieleza tena, safari hii polepole, labda aliona uso wangu. Upasuaji wa Agosti ulitoa ovari na kila uvimbe walioweza kuuona. Dawa za kemo zimepiga uliobaki. Lakini saratani hii ina tabia ya kumwaga mbegu tumboni kabla haijang'olewa, mbegu ndogo zisizoonekana kwa jicho, na mionzi ndiyo fagio la kuzimaliza. Wiki tano, kila siku isipokuwa Jumamosi na Jumapili. Mistari isifutike, kwa hiyo sabuni tumboni ni marufuku mpaka mwisho. Mwambie kaka yako Royce kwamba mke wake atarudi ananuka beberu.

Simu hapana. Laini ni moja, nyumba ni sita, na Thelma Wheelock hunyanyua ya kwake kila inapolia ya mwenzake. Mimi sitasimulia choo changu kwa kijiji kizima. Tuandikiane barua, na tuandikiane ukweli. Mimi nikupe habari za mwili, wewe unipe habari za shira. Usinipambe na mimi sitakupamba.

Sasa sikiliza. Royce atakusanya utomvu mtamu wa miti yetu na kupasua kuni, lakini usimwache karibu na karai, yule husinzia kwenye joto. Wewe ndiye mchemshaji mwaka huu, mpaka utomvu uwe shira. Upawa wa mama yenu uko kwenye msumari wake, nyuma ya mlango wa banda la kuchemshia. Kipande cha mafuta ya nguruwe kining'inie juu ya karai kwa uzi, povu likipanda liliguse lishuke. Usitoe shira kwa kukisia. Inua upawa, na kama inadondoka matone, bado. Ikijikusanya ukingoni ikaning'inia kama pindo la pazia, hapo ndipo. Na usitoke bandani hata nyumba ikiungua.

Nitarudi kabla miti haijachipua. Hilo nakuahidi.

Wifi yako,
Avis


Kilimani kwa Colburn
Alhamisi, 8 Machi 1984

Wifi Avis,

Ati usitoke bandani hata nyumba ikiungua! Mimi nimepikia watoto wa shule ya mji huu maisha yangu yote ya kazi, sijapoteza hata mmoja, na bado unanifundisha kuchemsha maji. Barua yako nimemsomea Royce mezani. Nilipofika pale kwenye beberu akacheka mpaka akatoka nje. Alikaa nje kitambo, wifi, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Nakwambia kwa sababu tumesema ukweli.

Jumanne ilikuwa mkutano wa mji. Wamebishana kuhusu greda la barabara mpaka chakula kikapoa, kama kawaida. Kila mtu aliniuliza habari zako, nami nikasema umechorwa tumbo, Mchungaji akakohoa. Thelma Wheelock anakusalimu sana. Anauliza kama bado unatema shira yao, au mwaka huu utameza kwa ajili ya ugonjwa. Nikamwambia wewe hata ukifungwa macho na kamba, shira yao utaitema, maana ni ya jiko la mafuta ya taa, haina moshi wala roho. Amenuna, lakini keki yangu akala.

Utomvu umeanza kutiririka jana. Usiku barafu, mchana jua, kama ulivyoagiza kwa Mungu. Nimewasha moto asubuhi, nimekaa na upawa mpaka jioni, na nimetoa shira rangi ya chai ya mgonjwa. Iling'ang'ania ukingoni ikaning'inia yenyewe, nikapiga kelele peke yangu bandani. Royce alidhani nimeungua.

Nikuulize kitu, kwa kuwa uko mbali huwezi kunipiga. Mama alipozeeka, upawa alikupa wewe, mke wa mwanawe, mimi binti yake wa kumzaa nikabaki kuosha makopo. Sijawahi kuuliza, na leo nilipokuwa nimeushika nikajikuta nauliza. Jibu ukipenda.

Kula. Lala. Usiwagombeze manesi.

Wako,
Idella


Burlington
Jumatano, 14 Machi 1984

Wifi yangu,

Wiki moja na ushei nimeimaliza na bado nina miguu miwili. Mashine yenyewe haiumi. Inanguruma kidogo, inanyamaza, wananigeuza, inanguruma tena, kwisha. Kinachouma ni baadaye. Kichefuchefu kinakuja mchana kama mdai, na choo, Idella, sitaandika, karatasi itaniona vibaya. Wamenikataza mboga mbichi, maziwa, maharage na kila kitu kinachomfanya mtu awe Mkristo. Nakula wali, mkate mweupe na ndizi.

Nyumba hii ya wagonjwa ni safi. Nakaa chumba kimoja na Berthe, mama wa mpakani huko Kanada, naye ana yake ya matiti. Anasali Kifaransa kwa sauti na anadanganya kwenye karata. Nampenda. Nywele zangu zimeanza kurudi, laini kama za kifaranga, na ninalala vizuri. Chakula sina la kulalamikia. Nguvu zipo.

Hilo la upawa nitakujibu uso kwa uso, tukiwa na chai katikati.

Nitumie chupa ya shira ya kwanza. Nataka kuonja unachofanya na karai langu.

Avis


Kilimani
Jumanne, 20 Machi 1984

Wifi Avis,

Chupa hiyo hapo, nimeizungushia soksi mbili za Royce isivunjike. Onja uniambie.

Huku kwema. Tope limefika kwenye ekseli, gari la posta linavutwa na trekta, kwa hiyo usishangae barua ikichelewa. Shira inatoka vizuri. Royce mzima. Mimi mzima. Sina mengi leo, nina kazi.

Idella


Burlington
Jumamosi, 24 Machi 1984

Wifi yangu mpendwa,

Loh! Soksi nimezivaa, shira nimeila. Nilipoweka kijiko ulimini tu nikajikuta nyumbani. Huo ni moshi wa kuni zetu, huo ni mteremko wetu wa mashariki, yale mawe, ile miti mizee aliyoipenda baba mkwe. Ningeitambua hata usingizini. Berthe nilimpa kidogo akafumba macho akasema neno la Kifaransa ambalo nadhani si la kanisani. Wifi, umenipita. Nakuvulia kofia, maana nywele bado hazitoshi kuvuliwa.

Sasa habari njema. Huenda nikaja mapema kuliko tulivyopanga, labda ndani ya wiki ijayo. Wamekaribia kumalizana nami, na daktari amenipa mapumziko kidogo. Mwambie Royce abandue tope kwenye gari. Usimshangaze sana. Nataka niuwahi utomvu wa mwisho mimi mwenyewe, na upawa wangu mkononi.

Nakupenda, ingawa sitarudia kusema.

Avis


Kilimani
Jumatano, 28 Machi 1984

Avis,

Wewe ni mwongo!

Kaa chini usome. Kama Berthe yupo, mwambie asali kimya.

Shira niliyokutumia ni ya Wheelock. Ya Wheelock, Avis! Ya jiko la mafuta ya taa, ile uliyoitema mbele ya Mchungaji kwenye chakula cha kanisa ukasema ni kama kulamba ndoo. Thelma mwenyewe aliimimina kwenye chupa yetu, maana kwetu haikubaki hata tone. Na wewe unaniandikia moshi wa kuni zetu! Mteremko wa mashariki! Miti ya baba! Nilisoma barua yako nimesimama pale kwenye sanduku la posta, nikakaa kwenye tope na gauni la Jumapili. Maana hakuna mtu duniani mwenye ulimi kama wako. Kama umeshindwa kuitambua ile, basi ulimi wako haupo. Na kama umenificha ulimi, umenificha na mengine. Wiki tano haziishi wiki ijayo, mimi najua kuhesabu. Hakuna "kumalizana nawe". Unatoroka.

Njia ya mwongo ni fupi, wifi, na yangu pia, kwa hiyo na mimi natubu hapa hapa.

Nimeunguza karai.

Ilikuwa Jumapili ile kabla ya barua yangu fupi. Royce alikuwa msituni na ndoo, mimi peke yangu, shira imebaki kidogo tu ianze kuning'inia, moto mkali. Simu ikalia nyumbani. Mlio wetu, mrefu, mrefu, mfupi. Ikakatika. Ikalia tena. Nikasema, ni hospitali. Nikasema, ni Avis. Niliacha upawa, nikakimbia, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope mpaka leo hatujakiona. Nikanyanyua simu nahema, nikasema, "Niambieni tu!" Alikuwa Thelma. Anauliza hali yako, na kama tuna makopo ya ziada ya kumwazima.

Nilivyorudi, moshi mweusi ulikuwa unatoka chini ya paa, si ule mvuke mweupe. Karai la mbele, lile la kumalizia shira, limepinda kama jani kavu. Iliyobaki ndani yake ilikuwa nyeusi tii kama lami. Nililia, Avis. Karai la mama! Ulilolisafisha kwa siki kila mwaka kwa bidii kuliko unavyosafisha meno. Ulisema usitoke hata nyumba ikiungua, na mimi nilitoka kwa sababu simu imelia.

Royce aliliangalia, akasema, "Ningekimbia na mimi." Basi.

Nilificha kwa sababu niliogopa ukisikia utakuja. Kumbe unakuja hata bila kusikia. Sasa ukweli wako ulete, wote, na kwa posta ya kesho.

Idella


Burlington
Jumapili, 1 Aprili 1984

Idella,

Nilipofika kwenye karai nilipiga yowe hadi Berthe akaja na kiatu mkononi akidhani kuna panya. Umeunguza karai! Karai la mbele! Wewe mtu mzima! Nilikutukana kwa dakika nzima, na nikifika nyumbani nitamalizia yaliyosalia. Halafu nikasoma tena pale ulipokimbia na kiatu kimoja, nikalia, na sijui nilikuwa nalilia karai au wewe.

Haya. Ukweli huu hapa.

Ulimi haupo. Umekufa tangu dawa ya pili ya kemo, mwezi wa kumi. Kila kitu ni ladha ya chuma, kama kulamba ufunguo. Mkate ufunguo, chai ufunguo. Nyumbani nilikuwa nampikia Royce kwa kukumbuka, nikitia chumvi kwa macho. Hakugundua. Nilijivunia hilo, pumbavu mimi. Shira yako, yaani ya Thelma, Mungu anisamehe, niliweka ulimini nikangoja, nikangoja. Ilikuwa nzito na ya uvuguvugu na haikuwa kitu. Ndipo nikakaa nikakuandikia yale maneno mazuri kutoka kichwani. Mtu aliyechemsha maisha yake yote ana maneno ya akiba.

La pili. Mionzi imesimama. Chembe nyeupe za damu zimeshuka mno, kemo ilizichosha na mionzi ikazimalizia, na daktari akasema tungoje zipande. Ijumaa walinichoma kidole wakasema bado. Hakuna aliyesema niende nyumbani. Ni mimi niliyesema. Begi langu limefungwa, liko chini ya kitanda.

Naogopa, Idella. Sijawahi kukuandikia neno hili na naliandika vibaya. Kifo sikiogopi hivyo. Ninachoogopa ni kwamba watanifagia mpaka wafagie na mimi, nirudi huko ni ganda linalokaa kwenye kiti karibu na karai, halitofautishi shira na maji. Nikasema bora niende sasa, miguu ingali yangu, nishike upawa mara moja zaidi. Sijaamua. Mistari bado ipo tumboni. Sabuni iko juu ya sinki, mpya, Berthe kanipa, inanukia maua. Wakati mwingine naenda kuishika tu. Nikiosha, basi, imekwisha, hawawezi kunilaza tena bila kuanza upya.

Na kwa kuwa leo ni siku ya kusema, nakujibu la mama. Aliniambia: "Nikimpa Idella, atagawa shira yote barabarani, kila mtoto mwenye pua inayochuruzika atapewa kijiko. Mpe Avis, ni bahili." Ndiyo sababu. Wewe ulinyimwa kwa wema wako, na mimi nilipewa kwa ubaya wangu, na miaka yote nimeona aibu kukwambia.

Avis


Kilimani
Jumatano, 4 Aprili 1984

Wifi yangu,

Weka sabuni chini.

Nimecheka hilo la mama mpaka nikashika ubavu. Ni kweli, ningegawa. Nimegawa hata sasa, wewe hupo kunizuia. Bahili!

Sasa nisikilize, na mimi nimekusikiliza. Kaka yangu Royce, mumeo huyo, nimemsomea barua yako yote, na usinikasirikie, kwa sababu tumechoka kufichana humu ndani. Mficha maradhi, kilio humfichua, na mimi kilio sikitaki. Royce aliweka kikombe mezani. Akasema, "Mwambie nilijua kuhusu chumvi." Avis, alijua! Tangu Novemba anakula chakula chenye chumvi ya kutosha farasi na hasemi kitu. Mnafaana nyie wawili.

Kuhusu karai, acha kuliwaza. Ezra Wheelock alikuja mwenyewe kwa trekta na karai lao la zamani, lile la enzi za kuni, kabla hawajaharibikiwa na mafuta ya taa. Thelma alikaa kwenye trekta hakushuka kwa aibu. Nilimwendea nikamwambia, "Thelma, ulipiga simu kwa sababu unampenda Avis." Akasema, "Nampenda, na nilitaka makopo." Tunachemsha humo sasa. Karai moja likiungua, jirani analo jingine. Avis mwingine hakuna, hata kwa Wheelock.

Uliniandikia Machi usitoe shira kwa kukisia. Ikidondoka matone, bado. Nani hajui yanayoipata shira iliyotolewa motoni kabla ya wakati? Ukiiona ni nzuri, tamu, inang'aa, unaifunga kwenye kopo unajisifu, na Julai kopo linavimba, linapasuka rafuni, limeoza. Wewe mwenyewe ulimwaga kopo zima la Royce la mwaka ule, ukamwambia mvivu wa mwisho. Basi mimi nakwambia wewe. Unadondoka matone, Avis. Bado hujaning'inia. Utabaki motoni mpaka uive, na ukitoka kabla, nitakumwaga.

Maji umeshayavulia nguo, na tumbo wameshakuchora. Yaoge.

Kuhusu ganda kwenye kiti: kama utarudi ganda, tutakalisha ganda kwenye kiti, na tutaligombeza likisinzia. Upawa nitaushika mimi na wewe utatazama pindo la pazia, maana hilo ni la macho, si la ulimi. Umesikia?

Ninakutumia kopo dogo. Lamba kijiko kila asubuhi, hata kama ni ufunguo. Usiniandikie habari zake mpaka ulimi wako useme wenyewe, na safari hii usinitungie mashairi.

Idella


Burlington
Alhamisi, 12 Aprili 1984

Idella,

Begi nimelifungua. Sabuni nimemrudishia Berthe, akasema atanipa siku nitakayomaliza.

Damu imepanda. Si sana, lakini daktari alisema inatosha, na tangu Ijumaa nimerudi mezani. Yule kijana wa mikono baridi aliangalia mistari akasema, "Umeitunza vizuri." Nikamwambia nimetishiwa kumwagwa. Hakuelewa, maskini. Natapika kidogo kuliko mwanzo. Nimechoka mpaka kwenye kucha, napanda ngazi kama bibi yangu, lakini napanda.

Kopo nalilamba kila asubuhi kama dawa. Shira yenyewe ni nyeusi, nadhani ni utomvu wa mwisho wa msimu, ule mzito. Ladha: ufunguo. Umesema nisiandike, ndiyo maana naandika kwa kifupi.

Mwambie Royce kuhusu chumvi kwamba nampenda. Hilo naweza kulirudia.

Avis


Kilimani
Jumatatu, 16 Aprili 1984

Wifi,

Vyura wameanza kuimba bwawani, na miti ya chini imefura vichipukizi. Utomvu wa jana ulinuka majani, nikaukataa. Nimezima moto. Msimu umekwisha, na hukuuwahi. Najua ulitaka. Nami nilitaka uuwahi, nilisimama bandani peke yangu mvuke umeisha, nikakuita kwa sauti.

Karai la Ezra nimelisugua kwa siki mpaka linang'aa, halijawahi kuwa safi hivyo tangu litoke dukani. Upawa nimeuosha nikautundika kwenye msumari wako. Halafu nikapigilia msumari mwingine karibu yake, mtupu. Royce aliuliza wa nini. Nikamwambia mwakani tunanunua upawa wa pili.

Barabara imekauka upande wa kanisani. Royce akija kukuchukua atavaa suti, usicheke, amejipigia pasi mwenyewe.

Idella


Burlington
Alhamisi, 19 Aprili 1984

IDELLA!

Umenitumia shira iliyoungua!

Asubuhi hii, kabla ya kwenda kwenye mashine kwa mara ya mwisho, nilichukua kijiko changu kama kila siku, nikiwa nafikiria suti ya Royce, hata sikuwa nangoja kitu. Nikameza. Halafu nikasimama katikati ya chumba. Kulikuwa na kitu nyuma ya ulimi. Kichungu. Kichungu kama sufuria lililosahauliwa jikoni, na moshi, moshi mweusi, na chini kabisa ya ule uchungu kulikuwa na utamu mdogo, umekaa kwenye kona kama mtoto aliyekosa. Nikalamba tena. Kipo! Nikamwita Berthe, nikamwekea kijiko mdomoni kwa nguvu, nikamwambia, "Ni nini hii?" Akakunja uso wote akasema, "Madame, imeungua hii, ni mbaya sana." Nikamkumbatia hadi karata zake za siri zikadondoka kutoka kwenye mkono wa gauni.

Imeungua, wifi! Hii ni ile ya Jumapili ya simu. Umeikwangua kwenye karai la mama ukaitia kopo, mwanaharamu wewe, ukanilisha kila asubuhi, ukajua kwamba kama ulimi wangu upo popote duniani, utaamka tu kwa kusikia aibu. Sijawahi kuonja shira mbaya kama hii tangu nizaliwe. Hata ya Wheelock ni bora. Nimekula vijiko vitatu huku nalia kwa furaha.

Chumvi sijaipata bado, na mkate bado ni ufunguo. Daktari anasema mengine yatarudi yakipenda, na kwamba nitapimwa tena mwezi wa sita, na kila baada ya miezi mitatu, na hawezi kuniapia kitu. Nikamwambia sitaki kiapo. Nilitaka kumaliza, nimemaliza. Nilishuka mezani kwa miguu yangu, nikamshika mkono yule kijana, na nakwambia leo mkono wake ulikuwa wa moto.

Halafu Berthe akanipa sabuni ya maua, nikajifungia bafuni. Nilisugua mstari mmoja mmoja. Maji yalishuka ya zambarau, kisha ya waridi, kisha maji tu. Chini yake kulikuwa na tumbo langu, limekonda, lina kovu refu kutoka kitovuni kushuka, lakini ni langu.

Royce atanileta Jumamosi. Andaa theluji kutoka kivulini nyuma ya banda kama imebaki, na donati, na matango ya siki, tuimwagie theluji shira ya moto igande kama peremende, tule kama watu. Mwite Thelma, aje na Ezra. Nitamwambia mwenyewe kwamba shira yao niliila nikaisifu kwa maandishi, afe akicheka.

Na kopo hili nakuja nalo, limebaki nusu. Asilimwage mtu.

Wifi yako,
Avis